Balbu imewaka, sawa. Lakini mtambo wako wa maji umepimwa?

Video ya aina hii bila shaka imewahi kukufikia kwenye WhatsApp. Kijana amesimama kando ya mto, suruali imekunjwa hadi magotini. Mbele yake kuna gurudumu la baiskeli lililofungwa vipande vya mabati, mnyororo mkuukuu, na mota iliyong'olewa kwenye mashine ya kufulia iliyokufa. Maji yanasukuma, gurudumu linazunguka, balbu inawaka. Watu wanapiga makofi. Chini ya video maoni ni yale yale: "Serikali isaidie huyu kijana!"

Mimi pia hushangilia, sitakudanganya. Ila kama wewe ndiwe uliyeunda mtambo huo, au wewe ndiwe unayeombwa na chama chenu kuchanga shilingi elfu tano ili mtaa wote upate stima, nina swali. Balbu ile imekwambia nini?

Imekwambia kwamba mota ikizungushwa hutoa umeme, jambo ambalo Michael Faraday alilionyesha mwaka wa 1831. Haijakwambia unapata wati ngapi. Haijakwambia utapata ngapi mwezi wa Februari mto ukikonda. Wala haijakwambia kama mtambo wenyewe utakuwa bado uko pale baada ya mvua ya Aprili, au utaokotwa na watu wa kijiji cha chini. Hayo ndiyo jaribio. Kuwaka kwa balbu ni salamu tu.

Kuna mahali duniani ambapo watu wameyafanya maswali hayo kuwa kazi ya kila siku. Twende huko kwanza, kisha turudi mtoni kwetu.

Orkney ni visiwa vilivyo kaskazini mwa Uskoti, nchi ya ng'ombe, upepo mkali na miti ya kuhesabu. Tangu 2003 kuna kituo huko kiitwacho European Marine Energy Centre, kwa kifupi EMEC. Kazi yake si kuunda mitambo ya kawi ya bahari. Kazi yake ni kujaribu mitambo ya watu wengine. Wenye mitambo ya mawimbi hupewa nafasi Billia Croo, nje ya mji wa Stromness, ambako Atlantiki inafika na hasira zake zote. Wenye mitambo ya mkondo hupelekwa Fall of Warness, karibu na kisiwa cha Eday. Pale bahari inapojaa na kupwa, maji hulazimika kupenya kwenye mlango mwembamba, na wakati wa bamvua kasi yake hukaribia mita 4 kwa sekunde. Wewe ukitembea kwa haraka, kama mtu aliyechelewa matatu, unaenda kama mita moja na nusu kwa sekunde. Sasa piga picha bahari nzima ikikupita mbio.

Ukifika pale unakuta mambo yametayarishwa. Nyaya zimelazwa chini ya bahari hadi nchi kavu, kuna kituo cha stima kilichounganishwa na gridi ya taifa, kuna vifaa vinavyopima mkondo na hali ya hewa. Kuna hata rekodi za sili na ndege wa baharini, kwa sababu watu waliwekwa mlimani Eday na darubini kuangalia kama wanyama wanakimbia mitambo au wanaizoea. Kwa mitambo michanga kuna sehemu zenye maji matulivu zaidi, Scapa Flow na Shapinsay Sound, kama vile mche wa kahawa unavyoanzia kwenye kitalu kabla ya kupelekwa shambani.

Na la muhimu kuliko yote: anayekupima si wewe. Wewe unaleta mashine, wao wanaleta rula. Ukisema mtambo wako unatoa kilowati 500, mita iliyo nchi kavu itasema kama ni kweli. Nadhani hiki ndicho kitu kinachokosekana kwetu kuliko ubunifu. Ubunifu tunao, umejaa jua kali. Tunachokosa ni mahali ambapo kijana anaweza kushindwa bila kuaibishwa, tena kwa namba.

Kushindwa kwenyewe ni jambo la kawaida sana katika kazi hii, hata kwa wenye pesa. Novemba 2009, kampuni ya OpenHydro kutoka Ireland ilishusha mtambo wake katika ghuba ya Fundy, Kanada, mahali penye kupwa na kujaa kukubwa kuliko kwingi duniani: tofauti ya maji inaweza kufika mita 16. Mtambo ulikuwa na upana wa mita 10 na uzani wa kama tani 400. Hawa hawakuwa watu wa kubahatisha. Miaka mitatu kabla yake walikuwa wamejaribu mtambo mdogo kule Orkney, na 2008 wakawa wa kwanza kuingiza umeme wa mkondo wa bahari katika gridi ya Uingereza. Lakini Fundy ilikuwa kali kuliko ilivyohesabiwa. Mapanga yalivunjika ndani ya wiki chache tu. Mtambo ulipoopolewa Desemba 2010, ulikuwa pete kubwa ya chuma isiyo na meno.

Kule New York, kampuni ya Verdant Power nayo iliweka mitambo yake East River kuanzia 2006. Jina linasema mto, ila kwa kweli ni mlango wa bahari unaokwenda huku na huku na maji. Mkondo uliwavunjia mapanga. Wakarudi karakana, wakabadilisha, wakarudi majini. Wakati huo huo umeme uliopatikana ulitumika katika duka moja la vyakula kwenye kisiwa cha Roosevelt. Mwaka wa 2012 wakapewa leseni ya kwanza ya mradi wa aina hiyo nchini Marekani. Miaka sita ya kuvunjikiwa, ndipo karatasi ikatoka.

Kwa nini maji yanavunja vyuma hivi? Hapa nivumilie kidogo, hesabu si nyingi.

Mita moja ya ujazo ya maji ina uzani wa tani moja. Hewa ya ujazo huo huo ni kilo moja na kitu. Kwa hivyo maji ni mazito kama mara 800 kuliko upepo, ndiyo maana gurudumu dogo majini linaweza kushindana na pangaboi kubwa la Ngong. Hiyo ndiyo habari njema. Ya pili inauma kuwili: kasi ya maji ikizidi mara mbili, kawi iliyomo haizidi mara mbili, inazidi mara nane. Maji ya mita 1 kwa sekunde yanabeba wati 500 katika kila mita moja ya mraba ya mlango wa gurudumu lako. Yakifika mita 2, ni wati 4,000. Yakipungua hadi nusu mita, unabaki na wati 62. Mto ule ule, gurudumu lile lile.

Sasa unaelewa kwa nini ukikosea kidogo kukadiria kasi, umekosea sana kukadiria stima. Na ukikosea upande wa juu, mapanga ndiyo hulipa.

Ndiyo sababu wenzetu hawakimbilii baharini. Huanza na tangi. Chuo Kikuu cha Edinburgh kina tangi la mviringo liitwalo FloWave, lenye upana wa mita 25 na kina cha mita 2, lililofunguliwa 2014. Linaweza kutengeneza mkondo na mawimbi kutoka upande wowote, hata vyote kwa pamoja, kama bahari iliyochanganyikiwa. Unaunda mfano mdogo, labda mara 20 kuliko mtambo halisi, unautesa humo. Ila tangi nalo lina mtego wake. Mtambo wa megawati moja ukipunguzwa mara 20 kwa kanuni zinazotumika hapo, unatoa kama wati 28. Ndiyo, 28, hata simu mbili hazichaji haraka. Ukishindwa kupima wati mbili za msuguano kwenye beringi, umeshaharibu hesabu ya mtambo mkubwa.

Baharini, kasi hupimwa kwa sauti. Kifaa kinakaa chini ya maji na kurusha milio. Milio inagonga vumbi na vijidudu vinavyosafiri na maji, inarudi ikiwa imebadilika kidogo. Si unajua sauti ya ambulensi inavyobadilika ikikupita barabarani? Kanuni ni hiyo hiyo. Kutokana na mabadiliko hayo kifaa kinajua maji yanaenda kwa kasi gani katika kila kina. Halafu kila kasi inawekwa pamoja na umeme uliopatikana wakati huo, mpaka mchoro unajitokeza: kasi hii, kilowati hizi. Tume ya kimataifa ya viwango vya umeme, IEC, ambayo makao yake ni Geneva, imeandika utaratibu wa kufanya hivyo, na una sehemu yake ya mito pia. Anayekuuzia mtambo akikosa mchoro huo, anakuuzia picha.

Na tusifikirie ni wino wa kufeli tu. MeyGen, mradi wa mitambo minne ya megawati 1.5 kila mmoja kaskazini mwa Uskoti, una mtambo ambao umekaa sakafuni mwa bahari zaidi ya miaka 6 bila kutolewa kwa matengenezo ya dharura. Orbital Marine Power walijaribu mtambo wao wa kuelea Orkney mfululizo kwa mwaka mmoja, ukatoa zaidi ya gigawati-saa 3. Kisha 2021 wakaleta mkubwa zaidi, O2, wenye urefu wa mita 74 na uwezo wa megawati 2. Unafanana na ndege ya rangi ya manjano iliyotua majini. Kinachonivutia kwake si ukubwa. Ni kwamba mikono yake inainuka, magurudumu yanatoka majini, na fundi anafika kwa boti ndogo tu. Kabla ya hapo, kurekebisha beringi moja kungeweza kukudai meli kubwa ya kukodi na siku kadhaa za kungoja bahari itulie. Haya ni mafunzo ambayo hayapatikani kwenye mchoro wa kompyuta. Yanapatikana kwa kulowa.

Mtihani mwingine ni wa mfuko. Pelamis, ule mtambo mwekundu mrefu kama nyoka, ulikuwa wa kwanza kuingiza umeme wa mawimbi katika gridi kutoka Orkney, 2004. Kampuni yake iliporomoka 2014. OpenHydro ile ya Fundy ilirudi ghuba ile ile Julai 2018 na mtambo mpya. Siku chache baada ya kuushusha, kampuni mama ikafunga biashara. Mtambo uko majini, mwenyewe hayuko. Chama chenu kikiombwa kuchanga, hilo pia mliulize: akiondoka huyu kijana kwenda kutafuta kazi Nairobi, nani ana spana?

Haya, turudi nyumbani. Stima ya maji si ngeni kwetu. Kituo cha Ndula kwenye mto Thika kilijengwa 1925. Lakini vituo vingi vyetu, kuanzia mabwawa ya Tana hadi Sondu Miriu, hutumia maporomoko: maji yanaanguka kutoka juu na uzito wake ndio unaofanya kazi. Hata mradi mdogo wa wanakijiji wa Tungu-Kabiri, mashariki mwa Mlima Kenya, wenye kilowati 18, ni wa maji yanayoteremshwa kwa bomba. Gurudumu la kwenye video ni jambo lingine. Linategemea mwendo wa mto pekee. Kama kwenu kuna mteremko mzuri, nitakwambia wazi, tafuta bomba kwanza. Mkondo ni wa pale ambapo mto umelala lakini una mbio.

Kupima mto hakuhitaji maabara. Tafuta sehemu iliyonyooka, pima mita 10 ukingoni kwa kamba, kisha tupa chungwa majini, katikati. Chungwa ni bora kuliko kijiti kwa sababu linazama karibu lote, upepo haulisukumi. Hesabu sekunde kwa simu. Rudia mara kumi, tafuta wastani. Juu maji huenda kasi kuliko chini, kwa hivyo zidisha kwa 0.85. Tuseme chungwa lilichukua sekunde 10. Hiyo ni mita 1 kwa sekunde juu, 0.85 kwa wastani. Katika kila mita ya mraba una kama wati 307. Gurudumu lako lina nusu mita ya mraba: wati 153.

Zote hizo huwezi kuzichukua. Ukichukua zote maji yangesimama nyuma ya gurudumu, na yakisimama hakuna mengine yatakayopita. Mjerumani Albert Betz alionyesha zaidi ya miaka mia iliyopita kwamba kikomo ni asilimia 59. Mtambo wa jua kali wenye mnyororo na mota ya mashine ya kufulia ukikupa robo, jipongeze. Robo ya 153 ni wati 38. Hizo ni taa tano ndogo za LED na simu mbili zikichajiwa. Ni kitu kizuri kwa boma moja! Si stima ya mtaa, na si ya pasi, na wala si ya friji ya duka la shosho.

Sasa lete Februari. Kasi ikishuka nusu, wati 38 zinakuwa 5. Taa moja. Lete Aprili, mto ufike mita 3 kwa sekunde: msukumo kwenye mapanga unazidi mara 12, bila kuhesabu gogo linaloletwa na mafuriko. Kwa hivyo kipimo cha siku moja yenye jua, siku ya video, ni siku ambayo mto umekuonyesha uso wa kupigia picha. Pima kila wiki, mwaka mzima, kwenye daftari. Andika tarehe, sekunde za chungwa, volti, ampea, na safu ya mwisho uiite vituko: "majani yamenasa", "mnyororo umetoka", "mtoto wa jirani alining'inia". Safu hiyo ya mwisho ndiyo itakayokufundisha zaidi.

Kuhusu volti, kuna ulaghai mmoja ambao wengi hujifanyia wenyewe. Wanaweka mita ya fundi kwenye nyaya zisizounganishwa na kitu, inasoma 20, wanafurahi. Volti bila mzigo ni kama mtu anayejisifu ana nguvu kabla hajapewa gunia. Unganisha balbu ya kwanza, labda zishuke hadi 12. Ya pili, 9. Ya tatu, gurudumu linakaribia kusimama. Kila hatua zidisha volti kwa ampea. Mahali jibu lilipo kubwa ndipo mtambo wako unapofanya kazi kweli, na namba hiyo ndiyo ya kuwaambia watu.

Geuza mambo pia. Ondoa mzigo wote ghafla. Gurudumu linapata wazimu, linazunguka mbio kupita kiasi, volti zinapanda, na simu iliyokuwa imebaki kwenye chaji inaungua. Mitambo midogo ya kweli huwa na mzigo wa akiba, kwa kawaida koili ya kuchemshia maji, inayomeza umeme watu wanapozima taa. Kama huna, mtambo wako haujawa tayari kuingia nyumba ya mtu.

Baki kwenye volti 12 unapojifunza, tafadhali. Umeme wa volti 240 ukishika maji na mtu kwa pamoja, hakuna jaribio la pili. Nenda na mtu mzima, fungeni mtambo kwa kamba ukingoni, na mvua ikinyesha mlimani tokeni majini hata kama kwenu kuna jua. Kwenye Tana ya chini, kiboko na mamba hawajali kuwa una mradi wa maonyesho ya sayansi. Na siku utakapotaka kumuuzia jirani stima, ujue mto una wenyewe: kutumia maji ni suala la mamlaka ya rasilimali za maji, WRA, na kuuza umeme ni la EPRA. Ukienda na daftari la mwaka mzima, angalau utakuwa na cha kuweka mezani.

Wa Pwani huenda wanasema hii yote ni ya watu wa milimani. Kumbe nyinyi ndio mko karibu zaidi na Orkney. Mombasa maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na mvuvi yeyote wa Lamu au Kilindini atakwambia mlango upi unavuta na upi umelala, siku zipi ni za bamvua na zipi ni za maji mafu. Kupanda kwa maji peke yake hakusemi kasi, lazima ipimwe pale pale kwenye mlango. Lakini kalenda ya kupimia mvuvi anayo tayari. Anza mwezi unapoandama, maliza baada ya siku 29 na nusu, ili bamvua zote mbili na maji mafu yote mawili yaingie. Na usiku usiurukie: mkondo wa saa tisa alfajiri nao uko kwenye hesabu.